Kufunga Njia si Kupunguza Uzito

Inapotangazwa kwamba baadhi ya njia za daraja zimefungwa kwa ajili ya matengenezo, wengi wetu huamini kuwa daraja limepumzishwa: magari yamepungua, basi na mzigo umepungua. Imani hiyo ilizama katika mto Mississippi, mjini Minneapolis nchini Marekani, tarehe 1 Agosti 2007, saa kumi na mbili na dakika tano jioni. Daraja la barabara kuu ya I-35W liliporomoka. Watu 13 walifariki na 145 wakajeruhiwa.

Siku hiyo njia nne kati ya nane zilikuwa zimefungwa. Mafundi walikuwa wakitandaza zege jipya, na kwa kazi hiyo mchanga, kokoto na mitambo, takriban tani 260 kwa jumla, vilikuwa vimewekwa juu ya sehemu ya katikati. Njia zilizosalia zilijaa watu wanaotoka kazini. Gari linalokimbia huacha nafasi mbele yake; kwenye foleni nafasi hiyo hujazwa na gari jingine. Na lundo la kokoto halipiti kwenda zake.

Ripoti ya wachunguzi wa serikali kuu ilitolewa mwaka uliofuata. Chanzo kilikuwa mabamba ya chuma yanayounganisha mihimili: yalisanifiwa kwa unene wa nusu inchi pale palipohitaji takriban inchi nzima. Kosa la mezani, la miaka ya 1960. Daraja lilidumu nalo tangu 1967, huku ukarabati wa 1977 na wa 1998 ukiliongezea uzito wa kudumu. Picha zilizopigwa mwaka 2003 zinaonyesha baadhi ya mabamba yakiwa yamekwisha kupinda.

Wapo wanaosema kwamba kosa ni la msanifu peke yake, kokoto zimesingiziwa. Sikubaliani nao. Udhaifu ule ulistahimili miaka arobaini ya magari. Siku ya kuanguka iliamuliwa na mzigo uliowekwa pale na watu waliodhani wanalitengeneza daraja. Ndiyo maana ripoti ileile ilidai uwepo mwongozo kuhusu mizigo ya ujenzi juu ya madaraja.

Kwetu tunajivunia mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2013 imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari na shehena yake, na ni sheria njema. Lakini mizani hupima lori mojamoja. Haijui ni malori mangapi yatasimama pamoja juu ya daraja pale mshika bendera atakapozuia upande mmoja.

Ninyi mlio katika ofisi za umma, kabla ya kuidhinisha kibali cha kufunga njia, ulizeni hesabu ya uzito iko wapi, mhandisi gani ameitia saini, na kokoto zitamwagwa upande upi.