Msalato inabadilika: mlango wa zamani utengenezwe au ung'olewe?

Ukipita barabara kuu itokayo Dodoma mjini kwenda Kondoa na Arusha, utaona Msalato inavyobadilika. Nyumba mpya zina madirisha ya alumini na milango ya chuma iliyopakwa rangi ya mbao. Jirani yake ipo nyumba ya miaka mingi, yenye madirisha ya mbao na mlango wenye nyufa. Mwenye nyumba hiyo anajiuliza: ning'oe niweke vya kisasa, au nimwite fundi avitengeneze?

Swali hili linagusa mfuko wa kaya nyingi, kwa sababu mji unasogea. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, lakini kasi kubwa ilianza mwaka 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kuwa serikali yote inahamia. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma mjini. Ya mwaka 2022 ilihesabu 765,179. Mwezi Oktoba mwaka huohuo wa 2022, Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Msalato, wenye njia ya kurukia ya mita 3,600. Barabara ya mzunguko wa nje, ya kilomita 112.3, nayo inazunguka jiji na kupita Veyula, Mtumba, Ihumwa na Nala.

Watu wakiongezeka, wapangaji wanaongezeka, na mpangaji wa mjini huangalia dirisha kabla hajauliza kodi. Ndiyo maana watu wengi wanang'oa. Uchambuzi huu unasema jambo moja: usiamue kwa kuangalia jirani, wala kwa kuangalia umri wa mlango. Amua kwa kuangalia fremu, mbao yenyewe, na hatima ya kiwanja chako.

Mlango wa zamani unaweza kuwa bora kuliko mpya

Milango mingi ya zamani ilitengenezwa kwa mbao ngumu kama mninga na mkongo, kutoka misitu ya asili. Moyo wa mninga una rangi ya kahawia, haupindi kirahisi na mchwa hauupendi. Leo mti huo umekuwa adimu. Kuuvuna kunahitaji kibali, na kuusafirisha kunahitaji hati ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Bei yake imepanda kwa sababu hizo.

Mbao nyingi za bei nafuu sokoni ni msonobari na mkaratusi kutoka mashamba ya kupanda, likiwemo shamba la Sao Hill wilayani Mufindi. Si mbao mbaya. Lakini msonobari usiotiwa dawa ni chakula cha mchwa, na ukiletwa Dodoma ukiwa mbichi, hewa yetu kavu huukausha haraka ukapinda na kupasuka. Kwa hiyo anayeng'oa mlango wa mninga wenye mikwaruzo na kuweka wa msonobari mbichi ameweka kipya, lakini ameshusha ubora wa nyumba yake.

Kabla hujamuuzia mtu mlango wako kwa bei ya kuni, kwaruza sehemu ndogo iliyojificha, uondoe rangi, na umwonyeshe seremala unayemwamini. Akikuambia ni mninga, unachohitaji huenda ni randa, msasa, vanishi na bawaba mpya tu.

Kagua mwenyewe kabla ya kumwita fundi

Fundi anayeuza madirisha mapya atakuambia ya zamani yamekwisha. Ukikagua mwenyewe kwanza, utazungumza naye ukiwa na hoja. Unahitaji bisibisi au kisu, na kamba.

Anza na fremu, chini karibu na sakafu. Hapo ndipo maji ya kudeki na mchwa huanzia. Choma kwa ncha ya bisibisi. Ikigoma kuingia, mbao ni nzima. Ikizama kama kwenye mkate, sehemu hiyo imeoza au imeliwa. Kisha gonga fremu kuanzia chini kwenda juu, usikilize. Sauti ya utupu maana yake mchwa umekula ndani na kuacha ganda la nje.

Pili, pima pembe. Vuta kamba kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, weka alama, halafu pima kona nyingine mbili. Vipimo vikilingana, fremu bado imekaa sawa. Vikitofautiana sana, fremu imepinda au ukuta umesogea.

Tatu, tazama ukuta juu ya dirisha. Ufa unaopanda kutoka kwenye kona ya dirisha unaonyesha kwamba tatizo liko kwenye msingi au kwenye mkanda wa zege. Hilo huonekana zaidi penye udongo mweusi wa mbuga, unaovimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi. Ukibadilisha dirisha hapo bila kutibu ukuta, dirisha jipya nalo litabanwa.

Nne, angalia ni msimu gani. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Mbao hunyonya unyevu wakati huo na kuvimba, kisha hunywea kiangazi. Mlango unaokwama Januari huenda hauna ugonjwa wowote. Ukiuranda sana wakati wa mvua, mwezi Agosti utabaki na nafasi inayopitisha upepo, vumbi na nyoka. Subiri ukauke, ndipo uamue.

Wakati wa kutengeneza

Kama fremu ni nzima, mara nyingi kutengeneza kunatosha. Mlango uliolegea huwa una tatizo la matundu ya skrubu: seremala huyaziba kwa vijiti vya mbao ngumu na gundi, kisha hufunga bawaba kwa skrubu ndefu zaidi. Ubao wa chini uliooza hukatwa ukaungwa kipande kipya. Kioo kilichopasuka hubadilishwa chenyewe bila kugusa fremu. Dirisha la chuma lenye kutu hukwanguliwa kwa brashi ya waya, likapakwa rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu. Kama kutu imetoboa sehemu ya chini tu, fundi wa kuchomelea anaweza kukata kipande hicho na kuunga kingine.

Wakati wa kubadilisha

Badilisha kama fremu imeliwa pande mbili au zaidi, kama mlango wa nje haufungi tena na usalama wa familia uko hatarini, au kama kila mwaka unamwita fundi kwa tatizo lilelile. Fremu ikiliwa na mchwa, tibu kwanza njia yake kwenye ukuta na sakafu. Bila hivyo utakuwa unaulisha mbao mpya.

Kwa hesabu ya fedha, gawanya gharama kwa miaka. Tuseme fundi anataka shilingi 60,000 kutengeneza mlango, nao utadumu miaka 4. Hiyo ni shilingi 15,000 kwa mwaka. Mlango mpya tuseme ni shilingi 320,000 pamoja na ufundi, utadumu miaka 20. Hiyo ni shilingi 16,000 kwa mwaka. Hapo kutengeneza kunashinda kidogo, tena bila kutoa fedha nyingi kwa mkupuo. Lakini kama matengenezo yale yatadumu mwaka mmoja tu, utakuwa unalipa 60,000 kila mwaka, na mlango mpya ndio nafuu. Weka bei halisi za fundi wako, na umuulize swali ambalo wengi hawaulizi: kazi hii itadumu muda gani?

Alumini: faida na mtego wake

Alumini haioti kutu kama chuma, hailiwi na mchwa na haihitaji rangi. Lakini dirisha la kuteleza hufunguka nusu tu. Nafasi ya futi 4 inakupa futi 2 za hewa. Dirisha la mbao la mabawa mawili, au la vioo vya kulala, hufunguka karibu lote. Kwenye chumba chenye bati lisilo na dari, mwezi Oktoba au Novemba, tofauti hiyo utaihisi usiku.

Vumbi letu nalo hujaza reli ya chini na kuziba vitundu vya kutolea maji. Mvua ikija, maji huingia ndani na mtu husema dirisha ni bovu. Safisha reli na vitundu kabla ya Desemba. Na kama bado hujanunua, muulize fundi kuhusu alumini ya kufungua kwa bawaba, na umwambie aweke wavu wa mbu tangu mwanzo.

Wavu si pambo. Utafiti uliofanyika Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kuweka wavu kwenye milango na madirisha na kuziba upenyo wa chini ya paa kulipunguza mbu wa malaria ndani ya nyumba kwa zaidi ya nusu. Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini, lakini kidogo si sifuri. Na wavu unaweza kufungwa kwenye dirisha la zamani kwa fremu nyembamba ya mbao. Huhitaji kung'oa chochote.

Jambo jingine ni grili. Grili iliyochomelewa moja kwa moja humzuia mwizi, lakini moto ukiwaka sebuleni humfungia mtoto chumbani. Kila chumba cha kulala kiwe na grili moja inayofunguka kwa ndani, na ufunguo wake uwe mahali ambapo hata mtoto anapajua.

Kama kiwanja chako kiko kwenye eneo la mradi

Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha. Chini ya Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967, fidia hukokotolewa kwa thamani iliyokuwepo notisi ilipotangazwa. Kazi iliyofanywa baada ya hapo haihesabiwi. Ukiweka madirisha mapya baada ya notisi ili fidia ipande, utakuwa umetumia fedha bure.

Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi 6 tangu uthamini uidhinishwe na Mthamini Mkuu, na uthamini ambao haujalipiwa ndani ya miaka 2 hupoteza uhai na kurudiwa. Maana yake kwa mwenye nyumba ni hii: ukiwa unasubiri malipo, tengeneza kile tu kinacholinda familia na mali, kama kitasa, bawaba, komeo na kioo. Piga picha za nyumba siku ya uthamini, milango na madirisha yakiwemo, na utunze nakala ya fomu yako. Siku ya malipo uliza, na upate jibu kwa maandishi, kama unaruhusiwa kuondoka na milango, madirisha na bati. Mlango wa mninga uliotunzwa unaweza kufunga nyumba yako mpya.

Kama huna uhakika kiwanja kimepangiwa nini, fika kwanza ofisi ya mtaa, kisha ofisi ya ardhi ya Halmashauri ya Jiji, kabla hujampa fundi malipo ya awali. Uliza pia kama unataka kupasua ukuta kuongeza nafasi ya dirisha, kwa sababu hiyo si kubadilisha fremu tu, ni kugusa jengo.

Kwa anayepangisha

Mpangaji anayetoka mjini anataka vitu vitatu: mlango unaofungwa vizuri, dirisha lisilopitisha mbu, na mwanga. Vyote vitatu vinaweza kupatikana kwenye fremu ya zamani iliyo nzima, kwa kubadilisha mabawa ya mbao yaliyozibwa na kuweka ya kioo na wavu. Kama fedha haitoshi kwa nyumba nzima, anza na mlango wa nje, kisha madirisha ya vyumba vya kulala, halafu upande unaopigwa na mvua. Vya ndani vinaweza kusubiri mavuno yajayo.

Ukinunua mbao, dai risiti na uhakikishe muuzaji ana hati zake, maana mbao zisizo na hati zinaweza kukamatwa njiani zikiwa mikononi mwako. Ukikubaliana na fundi, andikeni aina ya mbao, unene, idadi ya bawaba, nani ananunua kitasa, na siku ya kumaliza. Lipa kwa awamu, na awamu ya mwisho uitoe baada ya kufungua na kufunga kila mlango na kila dirisha kwa mkono wako mwenyewe.