Pumba za Mbwa, Kasheshe ya Nyumba Nzima

Leo stori za mapenzi na viwanja tuziweke kando kidogo. Nina neno na nyie mnaofuga mbwa, hasa masela wa Mpanda mjini mnaoletewa gunia la mahindi na mjomba kutoka Mwese.

Kule milimani Mwese mbwa hana makuu. Anachemshiwa pumba za mahindi na dagaa kidogo, siku imepita. Nilimkuta mama mmoja uani anachambua mahindi: mazuri debe hili, yaliyoota ukungu debe lile. Nikamuuliza, "Shikamoo mama, na haya je?" Akanijibu, "Marahaba. Hayo ya mbwa, mwanangu." Si roho mbaya jamani. Nani anapenda kutupa jasho lake?

Lakini hapo ndipo penye noma. Ukungu ule huweza kutoa sumu inayoitwa sumukuvu. Huioni kwa macho, na hata uchemshe pumba mpaka jioni haiishi. Inakwenda moja kwa moja kwenye ini. Tena mahindi yakikobolewa, sehemu kubwa ya sumu inabaki kwenye pumba. Wewe unakula sembe nyeupe pee, mwenzio anabugia balaa.

Utaniambia, "Mbwa tu bwana, nitatafuta mwingine." Taratibu mshikaji! Pumba za mbwa na unga wako vimetoka gunia moja. Mbwa wako akikataa kula, akatapika, macho yakawa ya njano, usikimbilie kumshika jirani uchawi au kusema kamtegea sumu. Muite afisa mifugo, kisha kakague gunia. Pengine mbwa ametangulia tu, na wewe uko kwenye foleni.

Si vitisho. Mwaka 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara, mahindi yenye sumukuvu yaliugulisha watu 68, na 20 kati yao wakafa. Na msiojua shida, mnaonunua chakula cha mbwa cha pakiti, msitucheke: Marekani, mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021, mbwa zaidi ya 100 waliripotiwa kufa baada ya kula chakula cha dukani chenye sumu hiyohiyo. Mwaka 2012 chakula cha mbwa chenye vijidudu vya salmonela kiliugulisha watu 49 Marekani na Kanada. Watu, si mbwa!

Kwa hiyo: anika mahindi kwenye turubai, si chini kwenye udongo. Yakauke kweli ndipo uyatie guniani, na gunia lisikae sakafuni. Yenye ukungu yafukie. Usimpe mbwa, usimpe kuku, usipikie pombe. Ng'ombe ndiyo usithubutu, maana sumu inapita kwenye maziwa na mtoto anakunywa. Ukimaliza kumlisha mbwa, nawa mikono kwa sabuni, na bakuli lake lisioshwe na sahani zenu.

Kisichofaa kwako hakimfai hata Simba wako getini. Tukijaliwa, wiki ijayo!