Magunia kumi ya mjomba na shahada mbili zisizojuana

Nimerudi juzi kutoka nyumbani, Idete. Kwa msiopajua, ukifika Ifakara unashika njia ya Mlimba, mpunga kushoto, mpunga kulia. Wengi wakisikia Idete wanakumbuka gereza. Mimi safari hii nimerudi na hasira ya karatasi moja.

Mjomba wangu alinipa hiyo karatasi hata kabla sijamaliza kunywa maji. "Mjomba, wewe ndiye msomi. Hebu niambie nilitia dole gumba kwenye kitu gani." Ni mkataba wa mkopo wa pembejeo, kurasa tatu, kwa Kiingereza. Aliyemkopesha simtaji, kwa sababu wa aina yake wako wengi na leo hoja yangu si yeye. Mjomba alipewa mbegu, mbolea na dawa vya shilingi 600,000, akaahidi kulipa magunia kumi ya mpunga baada ya kuvuna. Magunia kumi, basi. Kilo hazikutajwa popote.

Msiseme mjomba ni mzembe. Aliuliza kwanza. Pale kijijini wapo vijana wawili waliomaliza chuo, mmoja alisoma biashara, mwingine sheria, wote wanasubiri ajira. Wa biashara akapiga hesabu safi: magunia kumi ni kilo 1,000, kilo ikiwa shilingi 800 ni 800,000, kwa hiyo gharama ya mkopo ni 200,000. Ghali, lakini msimu ukikubali unalipika. Akaulizwa kuhusu maneno ya mkataba, akasema hayo ni ya wanasheria. Wa sheria naye akasoma kurasa zote tatu. Akasema mkataba ni halali, mtu mzima anaridhia kwa hiari yake, ila neno "gunia" halikufafanuliwa. Mjomba akamuuliza, "Sasa hilo litanigharimu shilingi ngapi?" Akajibu kwamba hayo ni mambo ya hesabu.

Mavuno yakafika. Mkopeshaji akaja na magunia yake mwenyewe. Lumbesa, jamani! Kila gunia likashindiliwa mpaka likabeba kilo 130. Magunia kumi yakawa kilo 1,300. Kilo 300 zaidi, mara 800, ni shilingi 240,000. Mkopo wa 600,000 ukalipwa kwa mpunga wa 1,040,000.

Nawauliza, hiyo 240,000 ilipotelea wapi? Haikuwa kwenye somo la biashara peke yake wala kwenye somo la sheria peke yake. Ilikaa katikati, mahali ambapo hakuna kijana hata mmoja kati ya wale wawili aliyefundishwa kutazama. Mmoja alijua bei ya kilo lakini akaamini gunia ni kilo mia. Mwingine aliona neno lina tundu lakini hakujua tundu hilo linavujisha kiasi gani. Na sheria ipo! Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100. Kama angekuwepo mtu mmoja mwenye vichwa vyote viwili, angeongeza maneno machache tu kwenye ile karatasi: "gunia moja ni kilo 100, kwa mizani". Mjomba angebaki na mpunga wake.

Ndiyo maana nasema biashara na sheria zifundishwe pamoja, katika shahada moja, kwa vijana wanaotaka. Si jambo jipya duniani. India wana shahada ya pamoja ya biashara na sheria ya miaka mitano. Afrika Kusini kijana anasoma biashara yenye sheria ndani yake kwa miaka mitatu, kisha anaongeza miwili anapata ya sheria. Kwetu njia iliyozoeleka ni kumaliza moja, ukipata pesa na umri ukiruhusu uanze nyingine. Mwanafunzi wa biashara hupewa somo la sheria ya biashara, anafaulu mtihani, anasahau.

Mkoani kwetu tuna Mzumbe. Ilianza mwaka 1953 kama shule ya watumishi wa serikali za mitaa, mwaka 1972 ikawa chuo cha uongozi wa maendeleo, mwaka 2001 ikawa chuo kikuu. Inafundisha biashara, inafundisha sheria. Kama kuna mahali pa kuzioanisha hizi mbili, na mafunzo kwa vitendo yakafanyika kwenye maghala ya mpunga ya Ifakara na kwa wakulima wa nje wa miwa kule Kidatu, ni hapo.

Najua mtakayosema. Mtasema mshika mbili moja humponyoka. Mtanikumbusha ya Shule ya Sheria mwaka 2022, wanafunzi 633 wakafanya mtihani na 26 tu wakafaulu moja kwa moja, mpaka serikali ikaunda kamati ya Dk. Harrison Mwakyembe. Kama moja inawashinda, mbili wataziweza? Hoja hiyo ina uzito na siikimbii. Shahada ya pamoja ikiwa ni kupakia masomo juu ya masomo, itakuwa lumbesa nyingine, safari hii ya kichwani mwa mwanafunzi. Mimi nataka yapunguzwe yanayorudiwa, na mtihani uwe karatasi kama ya mjomba: isome, ihesabu, irekebishe, kisha mweleze mwenye shamba kwa Kiswahili. Tangu 2021 sheria inatamka kwamba lugha ya mahakama ni Kiswahili. Mikataba ya mbolea inangoja nini?

Na wazazi, naomba nanyi mnisamehe. Kama mnaitaka shahada hii ili kadi ya harusi iandikwe majina mawili ya heshima, basi tusihangaike. Bonde hili limejaa mikataba ya mpunga, ya miwa, ya mitiki, ya ardhi. Upande mmoja wa meza anakaa mwekezaji na mhasibu wake na wakili wake. Upande wa pili anakaa mjomba na dole gumba.

Wakati naaga, mjomba alinionyesha karatasi nyingine, ya msimu ujao. Kurasa nne sasa. Bado hajaitia dole. Nimemwambia asubiri, nimeikunja nikaja nayo mjini, na sasa natafuta mtu wa kuisoma yote, maneno na hesabu. Wahadhiri na wanafunzi mnaonisoma, mtu huyo mnaye? Mjadala uko wazi.