Mwito wa Mwindaji na Mnyama Anayelea

Ipo kazi moja ya uwindaji inayodhihirisha ujuzi wa tabia za wanyama kuliko kazi nyingine zote, nayo ni kumwita mnyama akaja mwenyewe. Mwindaji wa misitu ya bonde la Kongo hujibanza nyuma ya shina la mti, hubana pua kwa vidole, kisha hutoa sauti nyembamba ya kulalama ipitayo puani. Hunyamaza kidogo, akarudia. Baada ya dakika chache majani hutikisika na paa mdogo wa msituni, yule aitwaye ndimba au chesi, hutokeza kichwa akitafuta sauti inakotoka. Mara nyingine huja wawili pamoja, dume na jike. Sauti waliyoisikia inafanana na kilio cha paa aliyepatwa na janga.

Ustadi huu ni elimu kamili. Umejengwa juu ya uchunguzi wa miaka mingi, ukajaribiwa, ukasahihishwa, na ukarithishwa kwa vijana kwa kusikiliza na kuiga. Hata hivyo, elimu kuwa ya kweli ni jambo moja, na kuitumia kwa namna ifaayo ni jambo la pili. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mwito wa kuiga kilio usitumike kuulia wanyama, na hasa katika misitu ya milima kama Uluguru, bali ugeuzwe kuwa chombo cha kuhesabia wanyama na kujifunzia.

Kwa nini mnyama huitika

Wahenga walisema mtego bila chambo haunasi. Chambo cha mwito si chakula pekee. Mnyama asikiapo kilio huweza kuja kwa sababu mbili zilizo mbali sana. Mla nyama, mathalani chui, huja kwa kuwa kilio humwashiria windo jepesi. Mzazi huja kwa kuwa kilio humwashiria mwana aliye hatarini. Mwindaji hutoa sauti moja tu, lakini wasikilizaji wake ni wa namna mbili, na nia zao ni mbili.

Elimu ya tabia za wanyama imeeleza jambo hili kwa uwazi. Mwaka 1973 Karl von Frisch, Konrad Lorenz na Nikolaas Tinbergen walipewa Tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wao wa tabia za wanyama. Miongoni mwa mafunzo makuu ya kazi ya Tinbergen na Lorenz ni kwamba mnyama aghalabu haitiki kitu kizima, bali huitika alama chache za kitu hicho. Alama ikiwapo, kitendo hufuata, hata kama kitu chenyewe hakipo. Ndiyo maana sauti ya mwigo hufanya kazi ingawa hapana mtoto wa paa aliyeumia.

Ushahidi mwingine ulitolewa mwaka 2014 na Susan Lingle na Tobias Riede. Wataalamu hao waliwasikilizisha majike wa jamii mbili za kulungu wa Amerika Kaskazini vilio vya watoto wa wanyama mbalimbali. Majike hao walikikaribia kipaza sauti si kwa kilio cha watoto wao tu, bali hata kwa vilio vya watoto wa wanyama wa jamii nyingine kabisa, mradi kiwango cha wembamba wa sauti hiyo kilikaribiana na kile walichokizoea. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na katika viumbe hawa uchungu huo hauchagui sana kilio ni cha nani.

Hapa ndipo tofauti kati ya mwito na aina nyingine za uwindaji inapoonekana. Mshale na bunduki havijui kama mnyama analea au halei. Mwito wa kilio, kwa namna yake wenyewe, huwavuta zaidi wale ambao asili imewaumba kuitika, na miongoni mwao ni wazazi. Mwindaji anaweza asikusudie hivyo hata kidogo, lakini chombo anachotumia kimeshachagua kwa niaba yake.

Funzo kutoka kwa dubu

Mjadala wa jambo hili umekwisha kupamba moto mbali na Afrika Mashariki. Katika Amerika Kaskazini huishi dubu mweusi, mnyama mkubwa ambaye hulala pangoni wakati wa baridi kali. Jike huzaa humo pangoni katikati ya majira ya baridi, kwa kawaida mwezi wa Januari au Februari, na majira ya kuchipua kwa majani yanapofika hutoka na watoto wadogo wanaomtegemea kwa maziwa. Majira hayo hayo baadhi ya wawindaji hupuliza filimbi inayoiga kilio cha mtoto wa kulungu, na dubu mwenye njaa ya miezi mingi huja akitafuta mlo.

Dubu huja kama mla nyama, wala si kama mzazi mwenye huruma. Hata hivyo jike anyonyeshaye huwa na njaa kama wengine, na pengine watoto amewaacha juu ya mti mwindaji asiwaone. Akiuawa, watoto hufa baadaye kwa njaa. Kwa sababu hii wapiga kura wa jimbo la Colorado nchini Marekani waliamua mwaka 1992 kupiga marufuku uwindaji wa dubu katika majira ya kuchipua, na mwaka 1999 serikali ya jimbo la Ontario nchini Kanada nayo ikaufuta. Ontario ilianza kuurudisha kwa majaribio mwaka 2014, jambo linaloonyesha kwamba mjadala haukwisha. Lakini pande zote zilikuwa na kitu kimoja cha kushikilia: dubu ana majira maalumu ya kuzaa. Sheria inaweza kufunga mlango kwa miezi michache, kisha ikaufungua watoto wakishakua.

Uluguru hapana majira ya salama

Msomaji wa Morogoro hana budi kujiuliza kama dawa hiyo ingefaa nyumbani kwake. Juu ya mji wa Morogoro hunyanyuka kilele cha Lupanga chenye urefu wa mita 2,138, na kusini zaidi kilele cha Kimhandu hupita mita 2,600. Upepo utokao Bahari ya Hindi hugonga mteremko wa mashariki na kuushushia mvua karibu mwaka mzima. Maji hayo hulisha mto Ruvu ambao hunywesha Dar es Salaam. Mwaka 2008 misitu ya Uluguru ya kaskazini, ya kusini na ule wa Bunduki iliunganishwa kuwa hifadhi moja ya mazingira asilia yenye zaidi ya hekta 24,000.

Ndani ya misitu ya milima hii huishi paa wa aina kadhaa. Yumo ndimba, mwenye uzito wa kilo nne hadi sita tu. Yumo pia minde, paa mkubwa mweusi mwenye shungi jekundu kichwani, asiyepatikana nchi nyingine yoyote duniani isipokuwa Tanzania, tena aliyemo katika orodha ya wanyama walio katika hatari ya kutoweka.

Ndimba huishi wawili wawili, dume na jike, katika eneo dogo la hekta chache wanalolilinda pamoja. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa uzazi mmoja. Jambo la kuzingatia zaidi ni hili: ndimba hazai kwa majira kama dubu. Watoto huweza kuzaliwa mwezi wowote wa mwaka, iwe masika, kipupwe au vuli. Basi mwito wa kilio unapotolewa katika msitu wa namna hii, siku yoyote ile, huenda anayeitika ni mama aliyemficha mtoto wake kichakani hatua chache tu kutoka hapo. Hapana mwezi ambao mwindaji angeweza kuita akiwa na hakika kwamba hamwiti mzazi. Kufunga majira, dawa iliyomfaa dubu, haimfai ndimba.

Na ichukuliwe hesabu ya kubuni kwa ajili ya darasa. Katika bonde moja wamo majike kumi, kila mmoja akizaa mtoto mmoja kwa mwaka. Majike watano wanyonyeshao wakiuawa kwa mwito, watano wamekwenda chunguni. Watoto wao watano hufa kichakani bila kuliwa na mtu. Mwaka ufuatao watoto watano wengine hawazaliwi. Kwa vitoweo vitano bonde limepungukiwa na paa kumi na watano. Mwanafunzi anaweza kuiendeleza hesabu hii hadi mwaka wa tano, aone bonde linavyoelekea kuwa tupu.

Hoja za upande wa pili

Wapo watakaosema kwamba mwito ni afadhali kuliko tanzi la waya. Hoja hii ina uzito, wala haifai kupuuzwa. Tanzi hunasa chochote kipitacho, mkubwa na mdogo, na mnyama huweza kuozea humo kabla mwenyewe hajarudi. Anayeita humwona mnyama kwa macho yake kabla hajapiga, na akitaka humwachilia. Lakini kwa ndimba macho hayasaidii sana. Dume na jike hufanana, wote wawili huwa na vipembe vifupi, na katika kiza cha msitu mnyama huonekana kwa muda mfupi mno. Ubaya wa tanzi hauufanyi mwito kuwa mwema. Unatufundisha tu kwamba tanzi nalo liondolewe.

Wengine watasema kwamba wazee waliita na paa hawakwisha. Huenda ni kweli, lakini wazee waliita kwa pumzi zao. Ustadi ulikuwa wa wachache, ulichukua miaka kujifunza, na mwitaji alichoka. Leo sauti iliyonaswa huwekwa katika simu ya mkononi na kupigwa kwa spika usiku kucha, na mtu asiyejua lolote kuhusu msitu. Uwezo umeongezeka, ujuzi haukuongezeka. Nchi za Ulaya ziliiona hatari hii mapema: Mkataba wa Bern wa mwaka 1979 ulikitaja kinasa sauti miongoni mwa vyombo visivyoruhusiwa kuwindia. Yafaa kanuni za nchi yoyote zikitaje chombo hicho kwa jina, asiwepo wa kudai hakujua.

Hoja ya tatu ni ya kitoweo, na hiyo ndiyo nzito kuliko zote. Mtu wa kijiji cha mlimani anahitaji nyama kama mtu wa mjini. Jibu lake halipatikani kwa kumtisha tu. Lipatikane kwenye kuku, mbuzi, sungura na samaki wa mabwawa, mambo ambayo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984 chini ya milima hiyo hiyo, kina wataalamu wa kuyafundisha.

Mwito unaohesabu badala ya kuua

Kuukataa mwito wa kuua si kuutupa ujuzi. Sauti imekwisha kuwa chombo kikubwa cha sayansi katika Afrika Mashariki. Mwaka 1980 Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walitangaza matokeo ya kazi yao katika mbuga ya Amboseli, Kenya. Waliwapigia tumbili sauti zilizonaswa za tumbili wenzao kutoka kwenye spika iliyofichwa. Kwa sauti ya tahadhari ya chui tumbili walikimbilia mitini. Kwa ile ya tai walitazama juu. Kwa ile ya nyoka walitazama chini. Mwaka 1994 Karen McComb, Craig Packer na Anne Pusey walionyesha kwamba simba majike wa Serengeti husita zaidi kuwakabili wageni watatu wangurumao kuliko mgeni mmoja, yaani hupima idadi kwa masikio. Hakuna mnyama aliyehitaji kufa ili mambo hayo yajulikane.

Uluguru nako wapo wanaotambuliwa kwa sauti kabla ya kuonekana. Ndege aitwaye kwa jina la kisayansi Malaconotus alius, mwenye kichwa cheusi, mgongo wa kijani na kifua cha manjano, haishi mahali pengine popote duniani. Hukaa juu sana kwenye vilele vya miti mikubwa, na anayemtafuta kwa macho peke yake huweza kurudi mikono mitupu. Kwa ndege kama huyu sikio ndilo daftari la kwanza la mtafiti.

Hata mwito wa kuhesabu una adabu zake. Ndege anayejibu sauti ya mgeni wa uongo huacha kiota na kupoteza nguvu. Paa aliyeitwa akaponea chupuchupu hujifunza kutoitika, na hapo hesabu ya mtafiti nayo huharibika. Kwa hiyo mwito uwe mfupi, urudiwe mara chache, usipigwe karibu na kiota, na ukome mara jibu lipatikanapo.

Shule za sekondari zaweza kuanza bila kuita kabisa. Wanafunzi wakae kimya alfajiri kwenye ukingo wa shamba kwa dakika kumi, waandike kila sauti waliyoisikia, upande ilikotoka na saa yake. Wafanye hivyo kila juma, masika hata vuli, na kulinganisha daftari za mwaka mmoja na za mwaka mwingine. Mwalimu amwalike mzee ajuaye sauti za msitu aje darasani kama mtaalamu, aeleze sauti ipi ni ya tahadhari, ipi ni ya kumwita mwenzi na ipi ni ya mtoto anayelia. Maelezo yake yaandikwe kwa jina la kila mnyama katika Kiluguru na Kiswahili. Wazee hao wanapungua, na ujuzi usioandikwa huzikwa pamoja na mwenyewe.

Mnyama anayeitika kilio hutoka mafichoni kwa sababu ile ile inayomfanya mzazi yeyote atoke ndani usiku asikiapo mtoto akilia nje. Taifa lililokwisha kufahamu sababu hiyo lina wajibu wa kuitumia kumhesabu na kumlinda, na kuacha kuitumia kumwua.