SPEA RAHISI NA LAWAMA YA DEREVA



Lori likikosa breki katika mteremko wa Sachangwan kwenda Salgaa, kwanza huulizwa jina la dereva. Halafu huulizwa fundi aliyefunga breki. Hakuna aulizaye jina la yule aliyekaa ofisini akaandika oda ya spea. Yeye hakuwamo ndani ya lori.

Waajiri hutuambia: "Spea za aliyetengeneza gari ni ghali, na hizi nyingine ni sawa tu." Maneno hayo yana ukweli nusu, na ukweli nusu ndio udanganyao watu. Ni kweli kwamba watengenezaji wa magari hawafanyi kila kitu wenyewe. Vitu vingi hununua kwa viwanda kama Bosch, Denso na KYB, na viwanda hivyo huuza pia kwa jina lao. Spea ya namna hiyo yaweza kuwa nzuri kabisa na bei ikapungua. Hatugombani na mwajiri anunuaye hiyo. Wala hatugombani naye kwa ajili ya madigadi au mkono wa mlango. Hivyo vikiwa duni, haviui mtu.

Ugomvi wetu ni juu ya breki, usukani na beringi za magurudumu. Hapa huletwa vitu visivyo na jina la kiwanda, au vyenye jina la kuibwa. Kuuza bandia ni kosa tangu sheria ya mwaka 2008, lakini bandia bado zimo madukani.

Kila fundi ajua hatari yake. Breki hushika kwa msuguano, na msuguano huleta moto. Lainingi mbovu ikiwa baridi yaweza kushika vizuri. Ikipata moto mteremkoni, nayo imebeba tani nyingi, nguvu zake hupotea. Basi meneja asituambie, "Tumeijaribu kwenye yadi." Yadi haina mteremko.

Nchi za Ulaya hazikatai lainingi za viwanda vingine. Zina kanuni iitwayo R90: nguvu ya lainingi hiyo isitofautiane na ile ya asili kwa zaidi ya asilimia 15. Iliyopita hupigwa alama ya E ndani ya duara pamoja na 90R. Tazameni alama hiyo kabla ya kufunga. Alama nayo yaweza kuigwa, kwa hiyo risiti ya duka linalojulikana ni lazima pia.

Na sisi tujikosoe. Wako wenzetu watumwao Barabara ya Kirinyaga kununua spea, nao hupokea kitu kidogo kwa muuzaji na kurudi na takataka. Mtu huyo amwuza dereva mwenzake kwa bei ya chai. Chama hakitamtetea.

Jueni haki zenu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mfanyakazi kumwarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa, na mwajiri asimrudishe penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Na Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo huruhusu mshahara kukatwa kwa uharibifu wa mali ikiwa mfanyakazi amekosa kwa kusudi. Dramu iliyoliwa na lainingi mbovu si kosa la kusudi la dereva. Kwa nini basi alipe yeye?

Twataka mambo manne:

1. Spea za breki, usukani na magurudumu zichaguliwe pamoja na fundi mkuu na mjumbe wa madereva, si kwa bei peke yake.
2. Kila gari liwe na kitabu chake: spea gani, duka gani, tarehe gani, nani aliidhinisha.
3. Dereva akiandika kwamba breki hazishiki, gari lisitoke mpaka fundi atie sahihi.
4. Hakuna kukatwa mshahara kwa sababu ya spea mbovu.

Hatuombi sadaka. Atakayebeba lawama, naye awe na sauti wakati wa kununua. Dereva, usinyamaze kwa kuogopa kuitwa mkorofi: andika ripoti yako, weka nakala, mpe mjumbe wa Chama. Dereva mmoja akikataa gari bovu, atafukuzwa. Yadi nzima ikikataa, breki zitanunuliwa.

Umoja ni nguvu!