Mkague mtoto kabla ya kumnunulia sare

KILA mwaka mpya wa masomo unapokaribia, watu wenye huruma huchanga pesa za kuwanunulia watoto wasiojiweza sare, madaftari na kalamu. Ni jambo jema, wala halistahili kubezwa. Hata hivyo, sisi madaktari tuna swali la kuuliza. Je, mtoto huyo anayevishwa sare mpya anaona vizuri? Anasikia? Ana damu ya kutosha mwilini?

Swali hili lina uzito zaidi mahali kama Sangailu, kusini mwa Kaunti ya Garissa, karibu na mpaka wa Somalia. Karo ya shule za msingi iliondolewa mwaka wa 2003, lakini kwa familia ya mfugaji karo haikuwa kikwazo pekee. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Mifugo wengi walikufa, na waliosalia wakapelekwa mbali kutafuta malisho. Wanyama wanapoondoka, maziwa nayo huondoka, na mtoto anayebaki kijijini na nyanya yake hukosa chakula alichozoea.

Mtoto wa aina hiyo huingia darasani akiwa amechoka. Husinzia, husahau, na mwalimu humwita mvivu. Mwenzake aliyetokwa na usaha masikioni tangu utotoni hasikii anapoitwa, naye huitwa mkaidi. Baada ya muhula mmoja au miwili wote wawili huacha shule, na wazazi huambiwa kwamba watoto wao hawana akili. Kumbe walikuwa wagonjwa.

Haya yanaweza kugunduliwa mapema na mtu asiye daktari. Mfanyakazi wa kujitolea aliyefunzwa anaweza kusimama mita 6 kutoka kwa mtoto, amzibe jicho moja kisha jingine, na kumtaka ahesabu vidole. Anaweza kumwita kwa sauti ya chini akiwa nyuma yake. Anaweza kufunua kope la chini na kutazama kama ndani pamekuwa peupe, dalili ya upungufu wa damu. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano ana utepe wa kupima mkono: ukionyesha chini ya sentimita 12.5, mtoto ana utapiamlo. Chini ya 11.5, hali ni ya hatari na apelekwe kituo cha afya bila kukawia.

Kazi yake si kutibu. Sikio lenye usaha lisitiwe mafuta wala maziwa. Lipanguswe kwa kitambaa safi na mtoto apelekwe kwa mganga wa zahanati.

Kuna pia suala la chanjo. Chanjo ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Watoto wengi wa wafugaji hupata ya kwanza na kukosa ya pili kwa kuwa familia imehama. Tusisahau kwamba mwaka wa 2013 ugonjwa wa polio ulizuka Garissa, hasa katika kambi za Dadaab, wakati wengi walikwisha amini kuwa umetokomea nchini. Darasa lililojaa watoto wasiochanjwa ni mahali pazuri pa kueneza maradhi.

Wapo watakaosema watoto hao hawapatikani. Mimi nasema wanapatikana. Muda mrefu kabla ya kuandikishwa shuleni, watoto wa Kisomali hukusanyika dugsi, wakiwa na loho zao mikononi, kusoma Kurani. Maalimu anawajua wote kwa majina na anaaminiwa na wazazi. Kwa nini ukaguzi usifanyike hapo, kwa idhini yake, miezi michache kabla ya shule kufunguliwa? Siku hiyo hiyo, naibu wa chifu angeweza kuandikisha waliozaliwa nyumbani na wasio na cheti cha kuzaliwa.

Kazi hii inamfaa mwenyeji. Mwaka wa 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, walimu wengi wasio wenyeji walihamishwa kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Wageni wanapoondoka kwa sababu ya usalama, jirani wa kujitolea hubaki. Anaijua lugha, anaijua njia, na anajua familia ipi imehamia wapi.

Lakini kujitolea kusiwe kisingizio cha kumnyonya. Mwaka wa 2023, serikali ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini, wakiahidiwa marupurupu ya Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Anayetembea juani kutoka boma hadi boma anastahili kulipwa kwa wakati. Akimtuma mtoto zahanati, akute dawa. Vinginevyo, mara ya pili mzazi hatamsikiliza.

Basi ninyi mnaochanga, endeleeni kuchanga. Ila tengeni sehemu ya pesa hizo kwa nauli ya mtoto atakayetumwa hospitali, kwa miwani, na kwa uji wa saa nne asubuhi. Sare humfikisha mtoto langoni mwa shule. Afya ndiyo itakayomweka darasani.