Mchezo Usiomtoa Mtoto Nje

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sisi wazazi wa nyumba za askari twapenda kuwaambia watoto wetu kwamba umoja ni nguvu. Twalisema neno hilo wakati wa chakula, twalisema kabla ya kulala, na shuleni mwalimu hulirudia. Walakini mtoto wa miaka mitano au sita hajifunzi umoja kwa kulisikia neno lake. Hujifunza kwa miguu na mikono yake, yaani kwa kucheza. Juma hili basi, ndugu msomaji, tuitazame michezo yenyewe, kwa maana si kila mchezo wa pamoja hufundisha kushirikiana.

Chukua michezo ya kawaida ya uwanjani. Katika mingi, anayeguswa hutoka, na anayepigwa mpira hutoka. Ni nani atokaye kwanza? Aghalabu ni yule mdogo, au mzito wa mbio, au mgeni ambaye bado hajazijua kanuni. Huketi kando akiwatazama wenzake, ilhali yeye ndiye aliyehitaji kukimbia kuliko wote. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate, kwa wastani, walau dakika 60 kila siku za mwendo unaomfanya aheme. Mtoto anayetolewa mchezoni kila mara hazipati dakika hizo, na juu ya hayo hujifunza somo baya: kwamba kundi ni mali ya wenye nguvu.

Jambo hili latugusa sana hapa Kacyiru. Kilima chetu kina Makao Makuu ya Polisi ya Taifa, hospitali na ofisi za serikali, na familia za watumishi huja na kuondoka. Baba au mama hupata uhamisho, au huenda kulinda amani Sudan Kusini ama Jamhuri ya Afrika ya Kati, na mtoto hubaki na mlezi mmoja. Mtoto wa namna hiyo, aliyefika juzi mtaani, hana hazina kubwa kuliko wenzake watakaompokea. Pengine hata lugha yao haijui vema. Mchezo mzuri ni mlango ambao aweza kuuingia kabla hajapata maneno.

Iko na sababu nzito zaidi. Katika miaka iliyotangulia 1994, shuleni humu nchini watoto walisimamishwa darasani na kuhesabiwa kwa kabila. Mtoto mdogo alijifunza kwanza kuwa yu wa kundi hili na jirani yake ni wa kundi lile. Mgawanyiko uliopandwa namna hiyo kwa miaka mingi ulikuwa miongoni mwa mizizi ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Kwa hiyo katika nchi yetu namna ya kuwagawa watoto, hata kwa mchezo wa nusu saa, si jambo dogo.

Basi tuanze hapo. Usiwateue manahodha wawili wachague mmoja mmoja, maana atakayebaki wa mwisho ameaibishwa mbele ya wote. Wapange mstari, wahesabu moja, mbili, moja, mbili, na kila namba iwe timu. Mchezo unaofuata, wahesabu upya. Mtoto aliyekuwa mpinzani sasa awe mwenzi, na aone kwa macho yake kwamba timu ni kazi ya pamoja, wala si ukoo.

Sasa michezo yenyewe. Yote haihitaji fedha.

Wa kwanza ni mnyororo. Mtoto mmoja huwakimbiza wenzake. Anayeguswa hatoki, bali humshika mkono aliyemgusa, na wawili hao hukimbiza pamoja, kisha watatu, kisha wanne. Mnyororo ukikatika, haukamati mtu mpaka uungwe tena. Punde watoto watatambua kwamba mwenye mbio nyingi akivuta peke yake huuvunja mnyororo. Hana budi kwenda kwa mwendo wa mwenzake.

Wa pili ni kuvuka mto. Chora mistari miwili, hatua kumi baina yake, na hapo katikati ndipo mto. Watoto sita wape vipande vitano vya maboksi wavitumie kama mawe ya kukanyagia. Akanyagaye chini, wote huanza upya. Hawavuki mpaka wapeane nafasi, washikane mikono na kupitishiana vipande kutoka nyuma hadi mbele. Usiwaambie la kufanya. Waache wabishane kidogo, kwa kuwa ndani ya ubishi huo ndimo wanamojifunza.

Wa tatu ni mpira juu ya shuka. Wasokote mpira wa majani makavu ya migomba, kama walivyofanya babu zao. Wote washike pindo za shuka kuukuu na kuurusha mpira juu bila kuuacha uanguke, huku wakihesabu kwa sauti. Mchezo huu wawafaa hata wa miaka minne, na hauna mshindwa. Wakifika ishirini leo, kesho watafute ishirini na tano.

Wa nne ni mbio za kupokezana kijiti, ila badala ya kuzishindanisha timu mbili, shika saa. Kundi zima lijaribu kuupunguza muda wake lenyewe. Hapo mkimbiaji mzito hazomewi, bali wenzake humfundisha namna ya kupokea kijiti asikiangushe.

Kuvuta kamba kuna sifa yake pia. Mchezo huo uliwahi kuwemo katika Olimpiki, na mwaka 1908 mjini London nafasi zote tatu za kwanza zilichukuliwa na timu za polisi wa Uingereza. Walakini tuuache kwa watoto wakubwa na chini ya uangalizi, na mtu yeyote asizungushe kamba mkononi wala kiunoni.

Chagua uwanja usio na mteremko mkali, mbali na barabara na mitaro ya maji ya mvua, na uondoe mawe na vigae. Maji ya kunywa yawe karibu. Zile Jumapili ambazo jiji hufunga baadhi ya barabara kwa magari, desturi iliyoanza mwaka 2016, ni nafasi njema ya kucheza na watoto wa mitaa mingine.

Neno moja kwa baba na mama walio kazini. Wewe wajua kwamba kikosi hakifiki mpaka afike wa mwisho. Mfundishe mwanao hilo, lakini usiugeuze mchezo kuwa gwaride. Toa kanuni mara moja, kisha nyamaza. Mchezo ukiisha, waketishe kivulini uwaulize mambo mawili tu: nani alikusaidia, nawe ulimsaidia nani? Mtoto ambaye jina lake halikutajwa kabisa, huyo ndiye wa kumwangalia kesho. Waulize wenzake wabadilishe kanuni gani ili naye apate kazi.

Mtaala ulioanza kutumika nchini mwaka 2016 unautaja ushirikiano miongoni mwa stadi ambazo kila mwanafunzi azipate, na walimu wanalo jukumu lao. Lakini jua la alasiri na uwanja mbele ya nyumba ni mali yetu sisi wazazi. Leo jioni, kabla ya chakula, toa shuka kuukuu, waite watoto wa jirani, na yule mgeni umwite kwa jina.

Tukutane juma lijalo.